Mwongozo kamili: Kuipeleka familia Magic Kingdom wakati wa Krismasi bila siku kuishia kwenye foleni

Kila ikifika Januari, habari za ndugu zetu waliokwenda Magic Kingdom, bustani ya michezo ya Disney iliyoko Orlando, Florida, hufanana. Familia imeendesha gari usiku kucha kutoka Houston au Atlanta, pengine na bibi aliyetoka Mombasa kuja kuwaona wajukuu. Tiketi zimelipiwa mamia ya dola. Getini wamefika saa tano asubuhi, tarehe 27 Desemba. Hadi jioni watoto wamepanda vyombo vya michezo vitatu tu, baba kanuna, bibi miguu imemvimba, na lawama zote zinaangushiwa umati.

Umati upo, hilo halina ubishi. Ila siku hiyohiyo, ndani ya geti hilohilo, kuna waliopanda vyombo vingi, wakala wakashiba na wakaona fataki. Walichowazidi wenzao ni saa waliyofika na mambo waliyoyamaliza wakiwa bado nyumbani.

Nimechagua Magic Kingdom kwa sababu ndiyo watoto wanayoililia na ndiyo inayowashinda wengi. Walt Disney World ina bustani kubwa nne, na hizo nyingine ni EPCOT, Hollywood Studios na Animal Kingdom. Kila moja ina geti lake, na tiketi ya kawaida ya siku moja huingiza bustani moja tu. Saa zote humu ni za Kiswahili: saa moja asubuhi ndiyo 7:00 ya kwenye simu yako.

## Vitu vya kuwa navyo

- Tiketi yenye tarehe kwa kila aliyetimiza miaka 3. Chini ya hapo ni bure. Miaka 3 hadi 9 ni bei ya mtoto, na akishafika 10 analipiwa kama mtu mzima.
- Programu ya simu ya My Disney Experience, tiketi za familia nzima zikiwa kwenye akaunti moja. Pawabenki pia, maana programu hiyo inakunywa chaji kuliko unavyodhani.
- Kimo cha kila mtoto kwa sentimita, apimwe akiwa na viatu.
- Viatu vilivyokwisha kuzoea mguu. Viatu vipya vya sikukuu vibaki hotelini.
- Sweta au jaketi, koti jepesi la mvua, na soksi za akiba kwa kila mtoto.
- Chakula na chupa za maji. Kuingia na chakula chenu kunaruhusiwa. Vyombo vya kioo na pombe haviruhusiwi. Boksi la baridi lisizidi takriban sentimita 61 kwa 38 kwa 46, na ndani yake tumieni vipande vya kugandisha vya plastiki, kwa kuwa barafu ya kumwaga itakataliwa.
- Kigari cha mtoto, hata kwa wa miaka mitano aliyekwisha kuacha kigari. Upana usizidi sentimita 79 na urefu 132. Vile vigari vya kukokota kama mkokoteni haviingii.
- Kipande cha kanga au kitenge. Kazi yake mtaiona kwenye hatua ya saba.
- Dawa za kila siku za wazee, zikae kwenye mkoba unaotembea nao, zisiachwe garini.

## Hatua ya 1: Chagueni tarehe kabla ya kununua chochote

Hapa ndipo nusu ya mafanikio yote ilipo, na ndipo watu wengi hupita haraka.

Siku mbaya kuliko zote ni kuanzia 26 hadi 31 Desemba. Kama watoto hawajaanza shule, au mnaweza kuwaombea ruhusa, nendeni katika wiki mbili za mwanzo wa Desemba. Mapambo ya Krismasi yanakuwa yamekwisha kuwekwa, mti mkubwa umesimama, na foleni bado zinavumilika.

Kuna mtego mmoja katika wiki hizo. Baadhi ya siku kunakuwa na sherehe ya usiku yenye tiketi yake ya pekee, Mickey's Very Merry Christmas Party. Siku hizo mwenye tiketi ya kawaida anatolewa saa kumi na mbili jioni na fataki hazioni. Faida yake ni kwamba watu wengi huzikwepa, kwa hiyo mchana wake huwa na nafasi. Ukiwa na watoto wadogo wanaolala mapema, hiyo ndiyo siku ya kuichukua. Ukiwa na vijana wanaotaka fataki, iruke.

Likizo ya shule ikiwabana, jaribuni siku za mwanzoni mwake, kabla ya tarehe 22. Mkishindwa na hapo, mkajikuta kwenye wiki yenyewe, jipeni moyo kwa hili: sherehe zile za kulipia zikiisha, gwaride la Krismasi na fataki zake huonyeshwa kwa kila aliyeingia, bila nyongeza. Na kwa miaka kadhaa sasa fataki za Mwaka Mpya zimekuwa zikirushwa tarehe 30 pamoja na 31. Nendeni tarehe 30. Tarehe 25 na 31 bustani inaweza kujaa kiasi cha kuzuia wanaochelewa kuingia.

Mkishaafikiana tarehe moja, na kila mzazi anajua siku hiyo bustani inafunguliwa na kufungwa saa ngapi, endeleeni.

## Hatua ya 2: Nunueni tiketi mahali panapoeleweka

Bei hubadilika kwa tarehe. Wiki ya Krismasi tiketi ya siku moja ya mtu mzima hufika kama dola 200, hata zaidi. Za siku kadhaa hushuka bei kwa kila siku, kwa hiyo mkipanga kwenda siku mbili, nunueni kwa pamoja.

Onyo: Kando ya barabara kule Kissimmee, mji jirani na Disney, kuna vibanda vinavyouza tiketi za bei ya kutupa, na zipo pia zinazozunguka kwenye makundi ya simu: "mjomba amebakiwa na siku mbili, anauza." Usiguse. Tiketi ikishatumika mara ya kwanza inafungamana na mtu wake, na getini kila mwenye miaka 3 na kuendelea huweka kidole kwenye mashine. Hizo siku mbili za mjomba hazitakuingiza, na hela hairudi.

Tiketi zote zikionekana kwenye programu, kila moja na jina la mwenyewe, pigeni picha ya skrini na kuituma kwa mtu mzima wa pili. Simu moja ikizima, siku isisimame.

## Hatua ya 3: Amueni kuhusu foleni ya kulipia

Disney inauza njia ya haraka iitwayo Lightning Lane. Iko ya kuchagua vyombo vitatu kwa kuanzia, ambavyo kila kimoja mnapewa saa yake, na iko ya kulipia chombo kimoja kimoja kwa vile vikubwa kama TRON. Bei hupanda na umati. Wiki ya Krismasi, ile ya kwanza hufika dola 40 kwa kichwa, hata zaidi. Familia ya watu sita, piga hesabu mwenyewe.

Maoni yangu: kama ni siku yenu ya pekee na mko kwenye wiki yenyewe, lipieni. Mmekwisha kutumia pesa nyingi kufika pale. Kuokoa hiyo kisha kusimama dakika 90 kwa kila chombo ni kujidanganya. Kama mko wiki ya kwanza ya Desemba na mna mazoea ya kuamka mapema, acheni.

Waliolala kwenye hoteli za Disney hufunguliwa kuchagua siku 7 kabla. Wengine wote ni siku 3 kabla, saa moja kamili asubuhi kwa saa za Florida. Ndugu mlio Texas, kwenu hiyo ni saa kumi na mbili. Wekeni kengele. Ukiingia saa mbili baadaye utakuta zimebaki za saa tatu usiku.

## Hatua ya 4: Linganisheni vimo na vyombo, mbele ya watoto

Mtoto aliyeahidiwa chombo kisha akarudishwa kwenye kile kijiti cha kupimia hulia kilio cha msiba, na msiba huo huwa wa familia nzima. Fanyeni kazi hii sebuleni:

- Barnstormer: sentimita 89
- Seven Dwarfs Mine Train: 97
- Tiana's Bayou Adventure: 102
- Space Mountain: 112
- TRON: 122

Vyombo vingi vya eneo la Fantasyland, kama Peter Pan's Flight na Dumbo, havina kipimo chochote.

Mkiwa na mkubwa anayetosha na mdogo asiyetosha, ulizeni huduma ya Rider Switch kwa mfanyakazi aliye mlangoni mwa chombo. Ni bure. Baba anapanda na mkubwa, mama anasubiri na mdogo, kisha wanabadilishana bila mama kuanza foleni upya. Watu wetu wengi hawaiulizi, wanaona haya.

Kila mtoto achague vyombo viwili vyake vya lazima. Viandikwe. Vingine vyote ni nyongeza.

## Hatua ya 5: Malizeni kazi usiku wa kuamkia

Chakula kiwe kimefungwa. Sambusa, chapati za kukunja, kuku wa kukaanga asiye na mchuzi: vitu vinavyolika kwa mkono mmoja huku umeshika mtoto kwa mwingine. Wali wa nazi ni mtamu, ila kuula kwenye kingo ya bustani huku watu wanakupita magotini ni kazi.

Kwa wanaokula halali tu, hili si la hiari. Msiende kubahatisha saa saba mchana wakati kila kaunta ina watu mia. Mkitaka kununua chakula cha moto, agizeni kupitia programu mapema asubuhi na kuchagua saa ya kuchukua, kwa sababu nafasi za mchana hujaa. Maji msinunue: kaunta za chakula zenye mashine ya vinywaji hutoa kikombe cha maji ya barafu bure, hata kama hujanunua kitu.

Nguo zipangwe kwa tabaka. Desemba ya Orlando inadanganya. Mchana huwa kama nyuzi 22, mtoto anavua kila kitu. Jua linazama kama saa kumi na moja na nusu, na kufika saa tatu usiku bibi anatetemeka. Upepo wa kaskazini ukishuka, baridi huwa kali kweli.

## Hatua ya 6: Fikeni kabla geti halijafunguliwa

Hatua hii ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Maegesho ya Magic Kingdom hayapo getini. Mnaegesha sehemu iitwayo Transportation and Ticket Center, mnakaguliwa mizigo, kisha mnavuka kwa feri au kwa treni ya reli moja. Toka gari linapozimwa mpaka kuingia, wekeni saa nzima. Kwa hiyo bustani ikifunguliwa saa mbili, gari liwe limezimwa saa moja. Maegesho ni dola 30 au zaidi, ila waliolala hoteli za Disney hawalipi.

Kabla ya kuliacha gari, pigeni picha ya bango la eneo na namba ya mstari.

Mkiwa mmesimama ndani ya geti watu wakisubiri kuruhusiwa kusonga mbele, mmefaulu. Mkifika mkakuta watu wanatembea kawaida wakinunua masikio ya Mickey, mmechelewa. Rukeni moja kwa moja kwenye hatua ya nane.

## Hatua ya 7: Saa mbili za mwanzo ni za vyombo, si za picha

Kila mtu anataka picha ya kasri. Kasri halihami. Litakuwepo usiku, tena limewashwa taa.

Wageni wa hoteli za Disney huingia dakika 30 kabla ya wengine, na kwa Magic Kingdom hufunguliwa maeneo ya Fantasyland na Tomorrowland. Mkiwa miongoni mwao, kimbilieni Seven Dwarfs Mine Train au Peter Pan's Flight. Hiki cha Peter Pan hubeba watu wachache kwa wakati, kwa hiyo foleni yake haipungui siku nzima.

Msipokuwa wa hoteli hizo, msiwafuate. Mtakuta wamekwisha kujipanga. Pindeni kushoto: Adventureland kwa ajili ya Jungle Cruise, kisha Frontierland kwa Tiana's Bayou Adventure. Onyo kuhusu hicho cha Tiana: kinalowesha. Asubuhi yenye baridi, mvalishe mtoto koti la mvua au kiacheni hadi jua litoke. Ndiyo maana ya zile soksi.

Kigari hakiingii kwenye foleni, kinaachwa nje. Ukitoka, wafanyakazi wamekisogeza kwenye safu yenye vigari vingine mia vya rangi ileile ya kijivu. Fungeni kile kipande cha kanga kwenye mpini. Utakiona toka mbali, na hakuna Mmarekani atakayeondoka nacho kwa makosa. Kisiachwe na simu wala mkoba ndani.

## Hatua ya 8: Saa sita mchana, achaneni na foleni

Kuanzia saa tano hadi saa kumi ndio wakati familia zinapogombana. Foleni ziko kileleni, watoto wana usingizi, kila mtu ana njaa.

Mkiwa hoteli ya karibu, tokeni. Tiketi inaruhusu kurudi siku hiyohiyo. Laleni saa mbili, ogeni, rudini saa kumi na moja. Najua inauma kutoka mahali ulipolipia dola 200, lakini mtoto aliyelala mchana ndiye anayefika saa nne usiku akiwa anacheka.

Mkiwa mbali, bakini lakini mkae. PeopleMover inazunguka taratibu juu ya Tomorrowland na foleni yake husonga. Mickey's PhilharMagic na Carousel of Progress ni vya kukaa kitini penye ubaridi. Mwenye mtoto mchanga aende Baby Care Center, mwisho wa Main Street, ile barabara ya kutoka getini hadi kwenye kasri, jirani na mgahawa wa Crystal Palace: kuna vyumba vya kunyonyesha na meza za kubadilishia nepi. Huduma ya kwanza iko hapohapo.

### Bibi na kiti cha magurudumu

Bibi atasema anaweza kutembea. Nyumbani anaweza, ndiyo. Pale siku nzima ni kilomita kumi na zaidi, mbali na saa nyingi za kusimama. Viti vya magurudumu vinakodishwa karibu na geti, anayewahi ndiye anayepata. Usimwambie "bibi, umechoka." Mwambie kiti ni cha kubebea mikoba, naye akichoka atakaa. Atakaa kabla ya saa nne, na hatainuka. Ila kiti hakimpi ruhusa ya kuruka foleni. Njia nyingi zimejengwa kipite humohumo na wengine.

### Mtoto akipotea

Mfundisheni kabla: asitoke nje ya geti, amtafute mtu mwenye kibandiko cheupe cha jina kifuani, ambacho huonyesha jina na pale mtu anapotoka. Namba ya simu ya mama iandikwe kwa kalamu mkononi mwa mtoto, pamoja na msimbo wa nchi mwanzoni kama simu ni ya Kenya au Tanzania. Pigeni picha ya kila mtoto asubuhi getini. Ukiulizwa kavaa nini, hofu hufuta kumbukumbu yote.

## Hatua ya 9: Jioni

Foleni hulegea wakati wa gwaride na wakati wa fataki. Mkiwa na mtu mzima asiyejali gwaride, huo ndio wakati wake wa kuwapeleka vijana Space Mountain.

Kwa fataki, msijibane chini ya kasri. Simameni Main Street upande wa geti: mtaona kasri lote na angani, na mko karibu na kutokea. Watoto wa chini ya miaka minne wazibwe masikio, kishindo ni kikubwa.

Jambo ambalo wengi hawalijui: ukiingia kwenye foleni kabla ya dakika ya kufunga, utapanda, hata kama zamu yako itafika baadaye. Kile chombo kilichowashinda mchana, kiendeeni dakika kumi kabla ya kufunga.

## Kama mna siku ya pili

Ichukueni Animal Kingdom, hasa mkiwa na bibi. Kuna mji wa kubuni uitwao Harambe, mabango yake yana Kiswahili, na Kilimanjaro Safaris inawapakia kwenye lori la wazi kuwatazama twiga, tembo na simba halisi, bila kipimo cha kimo. Nendeni asubuhi, wanyama wakiwa bado wanatembea. Wajukuu waliozaliwa Marekani watashangaa kumwona bibi akiwasomea vibao. Bustani hii huwahi kufungwa kuliko Magic Kingdom, kwa hiyo inafaa kuwa siku ya kupumzisha miguu.

## Hatua ya 10: Kutoka

Fataki zikizima, kila mtu hugeuka kwa pamoja kuelekea kwenye feri na treni, na msongamano huo unaweza kuchukua saa nzima. Chagueni moja: ondokeni dakika tano kabla fataki hazijaisha, au kaeni. Maduka ya Main Street huendelea kuwa wazi kwa muda baada ya vyombo kusimama, na ndio wakati mzuri wa ile picha ya kasri mliyoiacha asubuhi.

Feri hubeba watu wengi kwa mkupuo, kwa hiyo treni ikiwa na foleni ndefu, pindeni kwenye feri. Mkivuka, fungueni ile picha ya maegesho kabla hamjaanza kutembea. Maeneo yamepewa majina ya wahusika wa filamu za Disney na kugawanywa pande mbili, mashujaa na wabaya. Simba wa The Lion King yuko upande mmoja na adui yake Scar upande mwingine, na usiku, mtoto akiwa amelala begani, kutoka kwa huyu hadi kwa yule ni mbali.